Mizigo ya Kumngojea Dubu: Maandalizi ya Uwindaji wa Majira ya Kuchipua Kodiak

Mwanzoni mwa Aprili, milima ya kisiwa cha Kodiak huko Alaska huwa bado imevaa theluji, na ufukweni majani mapya hayajachomoza sawasawa. Ndipo madume wa dubu kahawia wanapoanza kutoka kwenye mashimo waliyolalia majira yote ya baridi. Wao hutangulia, majike wenye watoto huchelewa, wengine hadi mwisho wa Mei au Juni. Kwa mtu aliyelipia safari ya kuwinda msimu huo, ratiba hii ya mnyama ndiyo inayoamua karibu kila kitu: tarehe za kibali, aina ya viatu, uzito wa begi, na namna ya kukaa juu ya jiwe lililolowa kwa saa nane bila kulalamika.

Mwindaji aliyezoea vitalu vya Tanzania, ambako msimu hufunguliwa Julai na mnyama hufuatwa kwa nyayo juani, atakuta kazi ya namna nyingine. Kodiak mnyama hutazamwa. Mwongozaji humpandisha mgeni kwenye mwinuko unaoona bonde zima, wakaketi, wakachambua mteremko mmoja baada ya mwingine kwa darubini tangu asubuhi mpaka giza. Katikati ya Mei mwanga hudumu zaidi ya saa 16. Mvua hunyesha, ikageuka theluji ya majimaji, upepo ukavuma, jua likachungulia kidogo, kisha mvua tena. Muda wote huo mtu amekaa. Kwa hiyo begi lipakiwe kwanza kwa ajili ya mtu aliyekaa, ndipo afikiriwe mtu anayetembea. Wageni wengi hufanya kinyume chake, na baridi huwarudisha kambini jioni mapema, saa ileile dubu wanapoinuka kutafuta chakula.

Kisiwa chenyewe ni kikubwa. Kina kilomita za mraba 9,300 hivi, zaidi ya mara tano ya Unguja, lakini barabara zake hazizidi sana kilomita 160, nazo ziko upande wa mjini. Sehemu kubwa ya kisiwa ni hifadhi ya taifa ya wanyamapori iliyoanzishwa mwaka 1941. Funguvisiwa la Kodiak kwa jumla lina dubu wapatao 3,500, waliotengana na wenzao wa bara kwa takriban miaka 12,000. Dume mkubwa anaweza kufikisha kilo 680. Wawindaji huua dubu karibu 180 kwa mwaka, wengi wao madume, na bado idadi ya dubu haijaporomoka. Hilo halikuja lenyewe. Ni matunda ya vibali vinavyotolewa kwa kura, maeneo yaliyogawanywa, na kanuni kwamba mtu hapewi zaidi ya dubu mmoja kila baada ya miaka minne. Anayekwenda huko anaingia ndani ya utaratibu huo. Ni vema auheshimu kabla hajaanza kuota ngozi ya kutandika sebuleni.

Msimu wa majira ya kuchipua Kodiak huanza Aprili 1 na kuisha Mei 15. Mmarekani asiye mkazi wa Alaska haruhusiwi kuwinda dubu kahawia bila mwongozaji mwenye leseni, au ndugu wa karibu anayeishi Alaska. Kwa mgeni kutoka nje ya Marekani sheria ni kali zaidi: lazima awe na mwongozaji kwa kila mnyama mkubwa wa jimbo hilo, hata dubu mweusi. Mtanzania hatashangaa, kwa maana kwao pia mtalii hawindi bila mwindaji bingwa pembeni. Leseni ya mgeni wa nje ni dola 630, na lebo ya dubu kahawia dola 1,300. Hizo ni ada za serikali tu. Safari yenyewe ya kuongozwa Kodiak, ya siku 10 hadi 15, hupita dola 20,000.

Kiasi hicho kinampa mgeni haki ya kuuliza maswali, na ayaulize kabla ya kutuma malipo ya awali. Waongozaji wa Alaska hupewa leseni na bodi ya jimbo inayosimamia biashara ya uwindaji wa wanyama wakubwa, kwa hiyo jina la mtu linaweza kuhakikiwa. Aulize kama mwongozaji ana ruhusa ya eneo husika ndani ya hifadhi. Aulize kambi ni mahema au chombo cha baharini, mwongozaji mmoja atahudumia wageni wangapi, na hali mbaya ya hewa ikila siku tatu za kwanza itakuwaje. Aombe kuzungumza na wateja waliorudi mikono mitupu, siyo wale wa picha tu. Mteja aliyerudi bila dubu na bado anamsifu mwongozaji wake ni ushahidi mzito.

Kodiak siyo mahali pekee. Kwenye Rasi ya Alaska, upande wa bara, msimu wa majira ya kuchipua hufunguliwa kwa miaka inayogawanyika kwa mbili tu, Mei 10 hadi 25. Na mtu mwenye mfuko mdogo anaweza kumwinda dubu mweusi Kanada, katika majimbo kama Alberta, Saskatchewan na Manitoba, ambako ni halali kumvuta kwa chambo. Huko mwindaji hukaa juu ya mti msituni, karibu na chambo, na adui mkubwa ni mbu na visubi. Kinga ya uso, glavu nyepesi na dawa ya wadudu vinashinda koti zito. British Columbia ilifunga uwindaji wa dubu wa grizli mwishoni mwa 2017, kwa hiyo asiyefuatilia asije akauziwa safari isiyokuwepo.

Makaratasi ya bunduki ndiyo huchukua muda mrefu kuliko jambo lolote. Raia wa kigeni anayetaka kuingia na bunduki yake Marekani hujaza fomu ya idara inayosimamia silaha, inayoitwa Fomu 6NIA, na sharti mojawapo ni kuwa na leseni ya uwindaji ya jimbo la Marekani mkononi. Mpangilio basi uwe hivi: leseni ya Alaska inunuliwe kwanza kwa njia ya intaneti, fomu ifuate miezi kadhaa kabla ya safari, na huku nyumbani mtu awe amekwishaonana na mamlaka za silaha kuhusu kutoka na kurudi na bunduki. Kila uwanja wa ndege wa kupitia nao una masharti yake. Ndani ya ndege bunduki husafiri bila risasi, ndani ya kasha gumu lenye kufuli, kwenye mizigo ya chini. Risasi hufungwa peke yake, na kikomo cha mashirika mengi ni kilo 5. Yote haya yakimchosha mtu, waongozaji wengi hukodisha au kuazimisha bunduki. Hakuna aibu. Bunduki ya mwongozaji imekwishazoea mvua ya kule.

Kuhusu ukubwa wa risasi, mwindaji wa Afrika Mashariki ana bahati. Ile .375 H&H, iliyotolewa na Holland & Holland mwaka 1912 na ambayo imepiga nyati na simba wa Tanganyika vizazi kwa vizazi, inaheshimiwa Kodiak vilevile. Kwa risasi ya greni 300, karibu gramu 19, inatosha kabisa. Wamarekani wengi hubeba .338 Winchester Magnum ya mwaka 1958, na hata .30-06 yenye risasi nzito na ngumu ya greni 200 au zaidi imefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Bunduki ambayo mtu anaimudu bila kufumba macho ni bora kuliko kubwa inayomtisha bega. Kitako cha plastiki kisichonyonya maji na mtutu wa chuma kisichoshika kutu ni vya thamani kuliko nakshi. Darubini ya bunduki iwe ya nguvu ndogo, mathalani 2 hadi 7, yenye vifuniko. Kipande cha utepe wa umeme mdomoni mwa mtutu huzuia maji, theluji na matope. Hupigwa juu yake bila kuondolewa.

Mazoezi ya shabaha yasiishie mezani. Meza na mifuko ya mchanga ni ya kuhakikisha bunduki inapiga inapolengwa, basi. Baada ya hapo mtu apige akiwa amekaa, amepiga goti, ameegemea begi, ameegemea fimbo za kulengea, amevaa koti zito na glavu, na amepanda ngazi mbio mpaka moyo unamdunda. Ajifunze kupakia risasi nyingine mara tu baada ya kupiga, bila kushusha bunduki begani, hadi mkono ufanye wenyewe. Waongozaji wengi hujitahidi kumfikisha mgeni ndani ya mita 150, mara nyingi chini ya hapo. Mgeni amwambie mwongozaji wazi ni umbali gani anaouweza kila mara, wala asitaje ule aliowahi kuubahatisha. Akifika kambini apige tena shabaha mbili tatu, kwa sababu bunduki iliyovuka mabara mawili kwenye mikono ya wabeba mizigo inaweza kuwa imehama.

Mwili nao unahitaji miezi mitatu au zaidi. Mteremko wa Kodiak hauna njia; una vichaka vya alda vilivyolala na kusukana, vinavyomshika mtu mguu, begi na bunduki kwa pamoja. Chini yake kuna theluji iliyooza inayozamisha mguu hadi pajani. Zoezi linalofaa ni kupanda mlima na begi la kilo 20 mgongoni, mara tatu kwa wiki, na kushuka nalo, maana magoti huumia zaidi wakati wa kushuka. Anayeishi Moshi au Lushoto ana mlima mlangoni. Wa Dar es Salaam au Mombasa atumie ngazi za maghorofa. Na jambo moja ambalo wachache hulifanyia zoezi: kutazama kwa darubini. Mtu akae juu ya kilima kwa saa mbili, achague mteremko wa ng'ambo, autazame kipande kwa kipande, ahesabu mbuzi na ng'ombe waliomo. Jicho lisilozoea huchoka upesi na kuanza kupita juu ya vitu bila kuviona.

Sasa mizigo. Kutoka Anchorage hadi mji wa Kodiak ni mwendo wa saa moja kwa ndege ya kawaida, ukungu ukiruhusu. Kutoka mjini hadi kambini ni boti au ndege ndogo inayotua majini, mara nyingi Beaver, ndege ya Kikanada iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1947 na ambayo bado inafanya kazi. Rubani hupima kila kitu, mgeni mwenyewe pia. Mgao wa mzigo kwa mtu mara nyingi ni kati ya kilo 20 na 30. Sanduku lenye magurudumu halitakiwi. Haliingii kwenye mkia wa ndege. Yafaa mabegi laini mawili yasiyopitisha maji badala ya moja kubwa, na kasha gumu la bunduki hubaki mjini huku bunduki ikisafiri ndani ya mfuko laini. Ndege hiyo ikitua, uwindaji hauanzi. Sheria ya Alaska inamkataza mtu kuwinda siku aliyoruka. Lazima asubiri hadi saa tisa usiku wa kuamkia siku inayofuata. Siku ya kwanza basi ni ya kupanga kambi na kulala.

Pamba ibaki nyumbani. Jinzi, fulana za pamba, soksi za pamba: vyote vikilowa havikauki na hunyonya joto la mwili. Mwilini ianze nguo nyepesi ya sufu ya merino au ya nyuzi za kutengenezwa, suruali na shati la mikono mirefu, jozi mbili. Juu yake shati nene la flisi. Kisha koti la joto lililojazwa nyuzi za kutengenezwa, kwa sababu manyoya ya bata hupoteza joto lake yakilowa, na Kodiak kulowa si suala la bahati. Mwisho, koti na suruali ya mvua. Hapa wenyeji hugawanyika. Wengine hutumia vitambaa vinavyopumua, vyepesi kwa kupanda mlima. Wengi wanaokaa kwenye boti na ufukweni huvaa mpira mzito wa wavuvi, ambao haupumui lakini pia haupitishi tone. Mwenye nafasi abebe vyote viwili. Mwenye kuchagua kimoja na achague kile kizito, maana saa nyingi atakuwa amekaa.

Kosa la kawaida la mtu anayetoka kwenye joto ni kuvaa kila kitu tangu kambini. Atapanda kilima nusu saa, jasho litamlowesha kutoka ndani, kisha ataketi kwenye upepo na kuanza kutetemeka. Mwongozaji mzoefu huanza kupanda akiwa anasikia baridi kidogo, na akifika juu hubadili fulana ya ndani, huvaa iliyo kavu, halafu ndipo hujifunika koti. Fulana hiyo kavu, ndani ya mfuko wa nailoni, ni miongoni mwa vitu vyepesi na vyenye faida kuliko vyote begini. Glavu ziwe jozi tatu: nyembamba za kufyatulia, nene za kukalia, na za mpira za kwenye boti. Kofia mbili za sufu. Kitambaa cha shingoni.

Miguu inastahili kufikiriwa peke yake. Karibu kila siku kuna mto wa kuvuka au maji ya kukanyaga kutoka kwenye boti hadi nchi kavu, kwa hiyo mabuti ya mpira yanayofika mapajani, yale yanayobana kifundo cha mguu, huvaliwa kutwa nzima na wengi. Mabuti yanayocheza mguuni yatatoa malengelenge kabla ya adhuhuri. Yavaliwe nyumbani wiki kadhaa, hata kama majirani watashangaa. Pamoja nayo, mabuti imara ya mlimani kwa siku za kupanda kwenye theluji, na soksi nene za sufu jozi tano au sita. Fimbo mbili za kutembelea husaidia kuvuka mto na kushuka mlima.

Halafu vile vitu vya kukalia, ambavyo ndivyo moyo wa mzigo huu. Kipande cha sponji nene cha kuweka chini ya makalio; bila hicho, ardhi iliyoganda humaliza subira ya mtu katika saa ya kwanza. Themosi ya chai. Chakula cha kutafuna kila baada ya saa moja: karanga, tende, chokoleti, nyama kavu, kwa sababu mwili uliokaa kwenye baridi huunguza chakula kama uliotembea. Turubai jepesi la kukinga upepo. Darubini ya mkononi yenye ukuzaji wa mara 10, ya ubora wa juu ambao mtu anaumudu, pamoja na kigoda chake cha miguu mitatu. Kuishikilia kwa mikono saa nzima kunaitikisa picha na kuchosha mabega. Darubini kubwa ya kuchunguzia kwa mbali kwa kawaida huwa na mwongozaji. Vitambaa vikavu vya kufutia vioo viwe vingi, maana kimoja hulowa na kuisha kazi mapema.

Kambini kunahitajika mfuko wa kulalia unaohimili nyuzi 10 chini ya sifuri, wa nyuzi za kutengenezwa, tochi ya kichwani na betri za akiba, dawa za mtu mwenyewe za siku zaidi ya zilizopangwa, na miwani ya pili kwa anayevaa miwani. Kambi nyingi huzungushiwa uzio mwembamba wa umeme wa betri, kwa kuwa pua ya dubu hunusa chakula kutoka mbali sana. Mgeni asiingize hata pipi ndani ya hema la kulala. Anayekula halali amweleze mwongozaji miezi kabla, abebe nyama yake kavu au vyakula vikavu vya kuongezwa maji ya moto. Na jambo hili pia lifikiriwe mapema: dubu ni mnyama wa meno ya kurarua, na mafakihi wengi hawamhalalishi kwa kula. Kwa dubu kahawia sheria ya Alaska kwa kawaida hudai ngozi na fuvu tu. Lakini kwa dubu mweusi wa majira ya kuchipua, katika sehemu kubwa ya jimbo, nyama nayo lazima itolewe porini, kwa hiyo Mwislamu anayemwinda ajue itapewa nani.

Anayekula aipike mpaka ndani ifike nyuzi 74 za Selsiasi. Nyama ya dubu hubeba minyoo ya trikinela, na aina ya nchi za baridi haifi kwa kugandishwa.

Dawa ya kumpulizia dubu hairuhusiwi kwenye ndege za abiria, si mkononi wala kwenye mizigo ya chini. Inunuliwe mjini Kodiak, na rubani wa ndege ndogo aambiwe ili aiweke mahali pake. Gesi ya jiko nayo ni vivyo hivyo. Simu ya kawaida haitakuwa na mtandao, kwa hiyo kifaa cha setilaiti ni cha lazima, cha mwongozaji na ikiwezekana cha mgeni pia. Kiwe cha usalama na salamu za nyumbani tu: Alaska inakataza kutumia mawasiliano ya redio au simu kumfikia mnyama. Bima inayolipia kubebwa kwa helikopta inunuliwe. Walinzi wa pwani wa Marekani wana kituo kikubwa Kodiak na huokoa watu kwenye hali ngumu, lakini ukungu ukitanda hata wao husubiri.

Siku ikifika, kitakachoonekana kwanza huenda kikawa ni mstari tu: nyayo zikishuka kwenye theluji kutoka shimo lililo juu mlimani. Hapo ndipo mwongozaji hustahili malipo yake. Atataka kujua ni dume au jike, na kama kuna watoto nyuma, maana mtoto wa dubu na jike mwenye watoto hawaruhusiwi kuuawa. Dume mkubwa ana kichwa kipana kinachofanya masikio yaonekane madogo na yaliyoachana, kifua kizito, na mwendo wa kuyumba kama mwenye nchi yake. Wayo husaidia pia. Wenyeji hupima upana wa wayo wa mguu wa mbele kwa inchi, wakaongeza moja, wakapata makadirio ya ukubwa wa ngozi kwa futi. Ngozi nayo huchunguzwa: kadiri Mei inavyosonga, dubu hujisugua kwenye miti na mawe, na manyoya huanza kunyofoka kwa mabaka. Kisha upepo. Upepo ukibadilika na kumwendea, hakuna shabaha wala bunduki itakayookoa siku hiyo.

Kabla ya kukaribia, wawili hao wawe wamekwisha kubaliana: mgeni atapiga lini, atapiga wapi, na mwongozaji ataingilia wakati gani. Lengo ni bega na mapafu, kisha risasi nyingine na nyingine mpaka mnyama atulie. Kodiak, dubu aliyejeruhiwa akapotea huhesabiwa kuwa ndiye dubu wa mgeni, kibali kimekwisha. Ni kanuni njema. Inamfundisha mtu kutofyatua akiwa na wasiwasi, na inamlinda mwongozaji ambaye ndiye atakayeingia ndani ya alda kumtafuta mnyama mwenye maumivu. Mwindaji aliyejiandaa vizuri ni yule anayeweza kushusha bunduki, akasema hapana, akarudi kukaa juu ya sponji yake. Safari nyingi halali, zilizoendeshwa vizuri, huisha bila risasi hata moja, na mtu akubali hivyo moyoni kabla ya kulipa.

Akipiga na kupata, kazi ya mikono huanza. Ngozi mbichi ya dume mkubwa, ikiwa na fuvu na nyayo, inaweza kupita kilo 45, nayo hubebwa mgongoni kwa fremu hadi ufukweni. Huondolewa mafuta, masikio na midomo hugeuzwa, kisha hupakwa chumvi. Alama ya jinsia iachwe ikiwa imeshikana na ngozi, kwa kuwa ofisa wa idara ya wanyamapori ataitafuta. Ngozi na fuvu hupelekwa ofisini mjini Kodiak kabla ya kutoka kisiwani, vikiwa havijaganda. Ofisa hupima fuvu, hung'oa jino dogo la kujulia umri, na hupachika lakiri. Inafaa kuwe na siku mbili za akiba kati ya mwisho wa uwindaji na ndege ya kurudi. Hali ya hewa ikiwa njema, siku hizo zitumike Makumbusho ya Alutiiq mjini, ambako historia ya wenyeji wa visiwa hivyo imehifadhiwa tangu 1995.

Waongozaji na wapishi hupewa bahashishi. Asilimia 10 ya bei ya safari ndiyo desturi ya wengi, na fedha taslimu zibebwe kutoka Anchorage. Ngozi yenyewe haiondoki Marekani na mgeni. Dubu kahawia yumo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, hivyo inahitajika hati ya kusafirisha nje kutoka idara ya wanyamapori ya serikali kuu ya Marekani, na mwenye mali aulize mapema nchini kwake hati za kuingizia. Kwa kawaida fundi wa ngozi wa Alaska huipokea, huikausha, hushughulikia maombi hayo na kuituma kwa ndege ya mizigo miezi mingi baadaye. Nakala za leseni, lebo, karatasi ya lakiri na risiti ya fundi ziwekwe pamoja na pasipoti, na nyingine zipigwe picha kwenye simu.